Minyororo ya Theluji kwa Gari Lenye Nafasi Finyu

Barabara kuu ya I-70 inayotoka Denver kuelekea magharibi hupanda hadi kwenye Handaki la Eisenhower, mita 3,401 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, sheria ya jimbo la Colorado inamtaka mwenye gari dogo anayepita kati ya Morrison na Dotsero awe na matairi yanayofaa theluji, yenye kashata za kina cha karibu milimita 4.8 au zaidi, ama awe na minyororo au kifaa mbadala. Hali ikichafuka zaidi hutangazwa Code 16. Hapo minyororo au kifaa mbadala huwa lazima kwa kila gari, isipokuwa yale yanayoendeshwa na magurudumu yote manne na yenye matairi yanayokidhi masharti. Wapo ndugu zetu wa Denver na Aurora wanaopita njia hiyo kwenda kazini milimani, na gari la wengi wao ni la kawaida kabisa, linalovutwa na matairi ya mbele: Corolla, Camry, Civic.

Ukienda dukani kununua minyororo utaulizwa swali moja tu: saizi ya tairi. Unasoma ubavuni mwa tairi, unataja, unapewa boksi. Boksi hilo linakuhakikishia kwamba mnyororo utalienea tairi. Halisemi lolote kuhusu jambo la pili, nalo ndilo zito: je, tairi likishavishwa mnyororo litazunguka bila kugusa chuma, bomba au waya wowote ulio nyuma yake? Uchambuzi huu ni wa swali hilo la pili, kwa sababu ndilo linalokata mabomba ya breki.

Zamani swali hilo halikuwapo. Harry Weed wa Canastota, jimbo la New York, alipopata hataza ya minyororo ya matairi Agosti 23, 1904, magurudumu ya magari yalikuwa membamba, marefu na yamekaa wazi pembeni ya bodi. Aliyetaka angeweza kulizungushia tairi kamba, na wapo waliofanya hivyo kwenye tope na theluji. Mfumo wa Weed, yaani minyororo miwili ya pembeni iliyounganishwa na mingine inayokatiza juu ya kashata mithili ya ngazi, unauzwa hadi leo. Kilichobadilika ni gari. Tairi limepanuka, rimu imekuwa kubwa, bodi imeshuka, na nafasi kati ya tairi na vyuma vya ndani imeliwa kidogo kidogo na wabunifu wanaotaka gari lishike kona vizuri na lipendeze machoni.

Tuchukue gari ambalo kila msomaji analijua. Toyota Corolla ya mwaka 2020 iliyouzwa Marekani ilitoka na saizi tatu za matairi kulingana na daraja la gari: 195/65R15, 205/55R16 na 225/40R18. Piga hesabu ya kimo cha kila moja, yaani kipenyo cha rimu ukijumlisha na mara mbili ya urefu wa ubavu wa tairi. Utapata milimita 634.5, 631.9 na 637.2. Kati ya refu na fupi kuna tofauti ya milimita 5 tu, kwa hiyo anayeangalia kimo peke yake ataona matairi yote ni mamoja. Sasa angalia upana. Kutoka 195 hadi 225 ni milimita 30. Kama mstari wa katikati wa gurudumu ungebaki palepale, nusu ya nyongeza hiyo ingeenda nje na nusu ndani: milimita 15 zimepotea upande wa shokapu. Kiwandani hurekebisha kidogo kwa kuisogeza rimu ndani au nje, lakini nafasi iliyotengenezwa kwa tairi jembamba haiwezi kuwa ileile kwa tairi pana.

Kumbuka hizo milimita 15, kwa sababu wahandisi wa Marekani, kupitia chama chao cha SAE, wameyapanga magari katika madaraja matatu kulingana na nafasi iliyopo kuzunguka tairi. Daraja S ndilo la magari yenye nafasi finyu: linahitaji angalau milimita 37 juu ya kashata na milimita 15 ubavuni upande wa ndani. Daraja U linahitaji milimita 50 na 23. Daraja W, la magari makubwa na malori mepesi, ni milimita 64 na 38. Mnyororo ulioandikwa Daraja S umeundwa uweze kufanya kazi ndani ya nafasi hiyo ndogo. Tazama basi: nafasi yote ya ubavuni inayodaiwa na daraja hilo ni sawa na kiasi kinacholiwa na kupanua tairi kwa milimita 30. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vya baadhi ya magari ya Toyota vinataja waziwazi saizi za matairi ambazo haziruhusiwi kufungwa minyororo, na kushauri matairi ya theluji badala yake. Wenye gari wanaodhani kwamba hiyo ni tahadhari ya mawakili wanajidanganya. Imetokana na vipimo.

Ukichungulia nyuma ya tairi la mbele la Corolla utaona shokapu limesimama wima karibu sana na tairi, na springi imelizunguka sehemu ya juu. Kikalio cha springi hiyo, ile sahani ya chuma inayoibeba, mara nyingi ndicho kilicho karibu zaidi na bega la tairi. Pembeni yake kuna bomba laini la breki, waya wa sensa ya ABS, na fimbo fupi inayounganisha shokapu na upau wa kuzuia gari lisilale kwenye kona. Hivi ndivyo vitu vinavyogombania nafasi na mnyororo.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalielezi. Katika magari ya aina hii, shokapu limefungwa kwa bolti kwenye kipande kilekile kinachobeba gurudumu. Ukikata usukani, linageuka pamoja na tairi. Gari likiingia shimoni, linapanda pamoja na tairi. Kwa hiyo umbali kati ya tairi na shokapu haubadiliki: ukiupima gari likiwa limeegeshwa, ndio huohuo utakaokuwa nao mlimani. Lakini umbali kati ya tairi na plastiki ya ndani ya madigadi, au kati ya tairi na bodi, hubadilika kila unapokata kona na kila unapopakia abiria. Bomba la breki liko katikati ya hali hizi mbili: mwisho mmoja umefungwa kwenye gurudumu, mwingine kwenye bodi, na sehemu ya kati inapinda na kunyooka kila usukani unapozunguka.

Kwa maneno mengine, nafasi ziko za aina mbili, isiyobadilika na inayobadilika, na kila moja hupimwa kivyake. Ile isiyobadilika unaipima kwa kijiti cha mviringo chenye unene wa milimita 15. Weka gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kata usukani hadi mwisho ili uione sehemu ya nyuma ya tairi, kisha pitisha kijiti hicho kati ya ubavu wa tairi na shokapu kuanzia juu hadi chini. Kikipita kote bila kulazimishwa, umetimiza sharti la ubavu la Daraja S. Kikikwama kwenye kikalio cha springi, umepata jibu lako, na umelipata bila kununua chochote. Fanya vivyo hivyo juu ya kashata kwa kijiti cha milimita 37. Nafasi inayobadilika inapimwa gari likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri, watu ndani na mizigo kwenye buti, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Pima pia upande wa pili wa gari. Ajali ndogo ya zamani iliyopindisha chuma kidogo inaweza kuufanya upande mmoja uwe finyu kuliko mwingine.

Kuna mpangaji mwingine wa nafasi hiyo ambaye haonekani vijiti vikipita: theluji yenyewe. Ukiendesha kwenye theluji yenye majimaji, matairi huirusha chini ya madigadi, inaganda, na baada ya saa moja tabaka la barafu limeziba sehemu ya nafasi uliyoipima. Dereva anayejua kazi husimama mahali salama na kuipiga teke idondoke.

Tuje sasa kwenye mnyororo wenyewe. Watengenezaji wa Ulaya huandika unene kwenye boksi: König ya Italia ina CB-7 ya milimita 7, Thule ilikuwa na CS-9 ya milimita 9, na kwa magari makubwa kuna XG-12 ya milimita 12 na XB-16 ya milimita 16. Namba hiyo ni kimo ambacho pingili zinaongeza juu ya tairi mnyororo ukiwa umekazwa sawasawa. Tatizo ni hilo neno "umekazwa". Mnyororo uliolegea hauna unene ulioandikwa kwenye boksi.

Hesabu yake ni rahisi. Ukiwa na sentimita 6 za ulegevu kwenye mzunguko mzima, zikigawanywa kwa mara mbili ya pai, mnyororo unaweza kuinuka kutoka kwenye tairi kwa karibu milimita 9.5 kuzunguka pande zote. Kwa hiyo mnyororo wa milimita 9 uliolegea kwa upana wa vidole vitatu au vinne unahitaji nafasi inayozidi milimita 18. Na ulegevu haujigawi sawa kila upande. Hujikusanya mahali pamoja, pakawa na tumbo moja kubwa linalopiga kila tairi linapozunguka.

Utauliza, kwani nini kinauinua? Mzunguko. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, tairi la Corolla huzunguka karibu mara saba kwa sekunde, na kila kilichokaa juu ya kashata kinavutwa kwenda nje kwa nguvu inayokaribia mara 62 ya uzito wake. Kifungo cha gramu 50 kinavuta kama kilo 3. Ongeza mwendo hadi kilomita 80, na kifungo kilekile kinavuta kama kilo 8. Nguvu hii inakua kwa mraba wa mwendo, na ndiyo sababu kikomo cha minyororo ni kilomita 50 kwa saa. Ujerumani imekiweka kwenye sheria ya barabarani, na watengenezaji wa Marekani huandika maili 30. Mkia wa mnyororo ulioachwa ukining'inia upande wa ndani utalipiga bomba la breki mara saba kila sekunde, kwa nguvu hiyo, dereva akiwa amepandisha redio juu asisikie mlio.

Kutokana na hesabu hiyo napata kanuni mbili za ununuzi ambazo naziona zina uzito kuliko jina la kampuni. Ya kwanza: boksi moja la minyororo hutumika kwa saizi nyingi za matairi. Kama tairi lako ndilo dogo kuliko yote katika orodha ya boksi hilo, utabaki na ziada kubwa ya mnyororo wa kukaza. Tafuta kundi ambalo tairi lako liko karibu na saizi kubwa za orodha. Ya pili: baada ya kufunga, endesha polepole mwendo mfupi, mita 50 hadi 100, simama, kaza upya. Mnyororo hujipanga kwenye kashata tairi linapozunguka, na ule ulegevu uliokuwa umejificha chini ya tairi hujitokeza. Asiyerudia kukaza hajamaliza kufunga.

Sasa, kama kijiti cha milimita 15 kimekwama, au kimepita kwa taabu, kuna njia gani? Ya kwanza ni waya wa kusokotwa wenye vigurudumu vidogo vya chuma badala ya pingili. Ni mwembamba, ni wa bei nafuu, na mingi imeandikwa Daraja S. Mingine yenye mpangilio wa umbo la Z inadai nafasi ndogo zaidi ya hapo. Kwenye barafu ngumu waya hauumi kama pingili zenye kingo, na uzi wake mmoja ukikatika hautengenezeki njiani. Kwa safari chache kwa mwaka unatosha.

Ya pili ni soksi za kitambaa, kama AutoSock ya Norway, ambazo Colorado inazikubali kuwa kifaa mbadala. Hakuna chuma cha kupiga shokapu, hazikwaruzi rimu, na mtu anayefunga kwa mara ya kwanza gizani, mikono imekufa ganzi, ataziweza. Hasara yake ni uhai mfupi. Theluji ikiisha na lami ikaonekana, zivue mara moja, la sivyo zitararuka. Ulaya zimepata heshima zaidi tangu kiwango cha EN 16662-1 kilipotoka mwaka 2020, kikiwa na vipimo vya vifaa vya kitambaa na vya chuma kwa pamoja. Ufaransa, ambayo tangu Novemba 2021 inataka matairi ya theluji au vifaa vya kuvisha katika maeneo ya milimani kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, inazikubali soksi pia. Nchi nyingine zina masharti yake, kwa hiyo anayevuka mpaka kutoka Ufaransa kwenda Uswisi au Italia aangalie sheria za kila upande kabla hajaondoka.

Njia ya tatu inanivutia zaidi kiufundi: kuuondoa kabisa mnyororo upande wa ndani. K-Summit ya König hufungwa kwenye nati moja ya tairi kwa nje, na kutoka hapo mikono yake inapanda juu ya kashata ikiwa na vipande vya kushika theluji. Spikes-Spider inafanya kazi kwa wazo hilohilo, ila kitovu chake hubaki kwenye gurudumu msimu mzima. Tatizo la shokapu na bomba la breki linaisha karibu lote. Lakini usidanganyike ukadhani nafasi haihitajiki tena. Vile vipande vinapita juu ya kashata kama mnyororo mwingine wowote, kwa hiyo nafasi chini ya madigadi lazima iwepo. Gari ambalo limebanwa juu, kwa mfano lililoshushwa kwa springi fupi, halitaokolewa na kifaa hiki. Bei yake pia ni kubwa mara kadhaa kuliko ya waya.

Ya nne wengi hawaifikirii kwa sababu haiuzwi kwenye rafu ya minyororo: kubadilisha tairi badala ya kubadilisha mnyororo. Mwenye Corolla ya inchi 18 anaweza kununua rimu nne za inchi 16 na matairi ya theluji ya 205/55R16, saizi ambayo Toyota yenyewe iliweka kwenye Corolla hiyohiyo ya daraja lingine. Kimo kinabaki karibu kilekile, spidomita haisemi uongo wa maana, na upana umepungua milimita 20. Nafasi ya ndani inarudi, mradi rimu iwe na kipimo cha kiwandani cha kukaa kwake kwenye ekseli na isiguse kaliper ya breki. Zaidi ya hayo, gari sasa lina matairi yanayoshika theluji kila siku, minyororo ikabaki kwenye buti kwa siku ile moja mbaya.

Wapo wanaouliza kuhusu spesa, zile sahani zinazowekwa nyuma ya rimu ili kulisogeza tairi nje. Zinaongeza nafasi upande wa shokapu, ndiyo, lakini zinaipunguza upande wa ukingo wa madigadi, zinabadilisha mzigo kwenye beringi, na nati zisipopata nyuzi za kutosha gurudumu linaweza kuchomoka. Sizipendekezi kwa kazi hii.

Kuhusu ni matairi gani ya kuvisha, gari linalovutwa na mbele huvishwa mbele, linalosukumwa na nyuma huvishwa nyuma, na la magurudumu manne hufuata kitabu chake, kwani baadhi ya watengenezaji huruhusu ekseli moja tu kwa sababu hiyohiyo ya nafasi. Aliyevisha mbele peke yake ajue kwamba nyuma hakuna kilichoongezwa. Kwenye mteremko, akikanyaga breki ghafla, mkia wa gari unaweza kuja pembeni.

Uamuzi wangu kwa Corolla ya inchi 18, basi, ni huu. Anayepanda milimani kila wiki anunue rimu za inchi 16 na matairi ya theluji, kisha aweke waya wa Daraja S kwenye buti baada ya kupima nafasi kwa matairi hayo mapya. Anayepanda mara moja au mbili kwa msimu anunue soksi za kitambaa za saizi yake na avae glovu ajizoeze kuzivisha mbele ya nyumba yake mchana kweupe. Mnyororo wa pingili za chuma usiwekwe kwenye tairi la 225/40R18 la gari hilo ila kitabu cha gari kikiruhusu na kijiti kikipita.

Kitabu hicho huwa kwenye droo ya mbele ya abiria, kimeandikwa kwa Kiingereza, na ukurasa wa minyororo uko kwenye sehemu ya kuendesha wakati wa baridi. Wenyeji wa Aurora, Denver na Salt Lake City ambao mmeshazoea theluji, mgeni akifika na gari lake la kwanza, kaeni naye mumsomee ukurasa huo kabla hajaenda dukani.